Maji ya Nilda

“Kompyuta yako ni bubu, au mimi ndiye mjinga? Chagua moja, Mama Maitena!” Nilda alikuwa ameshasimama, mkoba begani, fomu ya kuacha kozi mkononi.

“Hakuna bubu hapa. Kaa chini.”

“Sikai. Ofisi inafungwa saa kumi na mbili.”

Ilikuwa kumi na moja na nusu. Fomu ilikuwa imejazwa yote, imebaki sahihi yangu tu, mwalimu wake. Darasa la asubuhi, linalotumia lugha ya kompyuta iliyozoeleka, asingeliweza. Mpaka saa sita mchana yuko kwenye tanuri la mikate. Akituacha sisi wa jioni ameacha chuo. Na mimi ndiye niliyemburuta kuja, na miaka yake arobaini na tisa, yeye aliyemsimamia binti yangu ubatizo.

“Nionyeshe,” nikasema.

Zoezi lilikuwa hili: chupa ina maji moto ya kujaza kibuyu cha yerba, yale majani ya chai tunayoyanywa kwa zamu kwa mrija mmoja, mara kumi na mbili, kompyuta imimine mara moja moja na kutaja yaliyobaki. Nilda alikuwa ameandika kwamba maji ni sawa na maji kutoa moja. Skrini kimya.

“Katika lugha hii, ukishakipa kitu jina hakibadiliki. Umeiambia kompyuta kwamba maji ni kitu kilichopungua moja kuliko maji hayo hayo. Inakitafuta, na itakitafuta mpaka Krismasi.”

“Umeshasema hivyo mara tatu. Na mara zote tatu sijaelewa.”

Darasa likacheka. Nilikasirika, kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Chupa na kibuyu vilikuwa mezani kwake. Mmiminaji wetu ni yeye tangu siku ya kwanza, na hakuna mwingine anayevigusa.

“Tumiminie basi, kabla hujaenda zako.”

“Unanichelewesha makusudi.” Lakini akamimina, akampa Eusebio, mstaafu wa kiwanda cha vioo anayekaa kulia kwake.

“Yamebaki ya vibuyu vingapi?”

“Kumi na moja.”

“Sasa mpe Eusebio chupa, amimine yeye.”

“Amimine nani? Huyu? Ataizamisha yerba yote!”

“Nilikuwa namimina kabla hujaota meno, bibie,” Eusebio akasema.

“Mpe. Na unapompa, mwambie idadi.”

Akampa kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga. “Kumi na moja. Na mrija usiutikise!”

Eusebio akanywa, akammiminia jirani yake, akasogeza chupa. “Kumi.” Jirani naye akafanya vilevile. “Tisa.” Ilipofika nane, mkoba wa Nilda ulikuwa sakafuni.

“Ngojeni. Hakuna aliyebadilisha namba yake. Yangu bado ni kumi na mbili. Kila mtu anampa mwenzake namba mpya.”

“Iandikie kompyuta hivyo hivyo.”

Akaandika akiwa amesimama: amri inaitwa mimina, inapokea maji, kwanza inaandika idadi kwenye skrini, kisha inaita mimina tena na kuipa maji kutoa moja. Akabonyeza. Kumi na mbili, kumi na moja, kumi…

“Inatembea! Mama wee, inatembea!”

Ikafika sifuri, ikapitiliza. Hasi moja. Hasi mia. Hasi elfu.

“Sasa inamimina nini, machozi?” akauliza Nilda.

Kibuyu kilikuwa kimeshazunguka na kumrudia Eusebio. Akakisukuma kwa Nilda na kusema, “Asante.” Kwetu anayesema asante ametosheka, usimjazie tena.

Nilda akamtazama. “Ndiyo hiyo! Hakuna aliyeiambia iseme asante.”

Akasimamisha programu, akaongeza mstari mmoja juu ya ile mingine: maji yakiwa sifuri, andika Asante, ishia hapo. Akabonyeza. Namba zikashuka mpaka moja. Halafu: Asante. Basi.

Nilichukua kalamu.

“Nisaini? Umebakiwa na dakika kumi.”

Nilda akaiangalia fomu, akaangalia chupa iliyokuwa imeloanisha meza. Akaikunja fomu mara mbili, akaipangusia maji, kisha akaikalisha chupa juu yake. Akavuta kiti, akakaa.

“Zoezi la nne linasemaje?”

Nikamsomea.