Barua ya Mwandawiro kwa Sharon

Kwa miaka kumi na minane nimechapa siri za watu hapa Voi: viapo vya kesi za mashamba, barua za kuomba kazi, historia za marehemu zinazosomwa siku ya maziko. Nina namna yangu ya kuchapa, niliyojifundisha mwenyewe. Mteja akisema, maneno yanaingia masikioni na kutokea vidoleni bila kupita kichwani. Mwezi wangu wa kwanza nilichapa talaka ya mtu ninayemjua nikashindwa kula siku mbili, na tangu hapo nikaona kwamba mchapaji anayesikiliza hatadumu. Wateja walinipenda kwa hilo. Walisema siri ukimpa Mama Lynn umeizika.

Mzee Mwandawiro wa Rukanga alikuja kwangu kwa sababu hiyo. Alikuwa nyapara wa mkonge mpaka akastaafu, mtu wa maneno machache na shingo ngumu. Kila Jumanne alikuja Voi kliniki, na daktari alikuwa amemwambia waziwazi kwamba kumbukumbu zinamtoka na hazitarudi. Akaamua kumwandikia barua binti yake Sharon, aliyeolewa Taveta, kabla hajasahau alichotaka kumwambia. Walikuwa hawajasemezana miaka tisa.

Kisa chao kilijulikana. Mzee alimkataa mume wa Sharon kwa kuwa ni mtu wa ng'ambo ya mpaka, wa Holili, Tanzania. Mamake Sharon alipougua mpaka akafa, mzee hakumpigia Sharon simu. Sharon alifika siku mbili baada ya maziko, akamtukana babake pale pale kaburini, majirani wakisikia. Kila mmoja alikuwa na lake la kujutia, na kila mmoja alimngoja mwenzake aanze.

"Hii isisomwe na mtu," mzee aliniambia Jumanne ya kwanza. "Kurekodi kwa simu sitaki, simu ina masikio. Na usiprint mpaka nimalize. Nikipeleka karatasi nyumbani, bibi ya Hillary atazisoma zote kabla sijavua kofia." Hillary ni mwanawe, ndiye anayeishi naye.

"Mzee, hapa hakutoki kitu," nikamwambia, tena kwa kiapo.

Tukachapa Jumanne saba. Alifumba macho, akasema kidogo, akanyamaza, akasema tena. Siku ya saba aliomba aipitie yote tangu mwanzo, nikamshushia ukurasa mmoja mmoja, naye akaisoma kwa miwani yake bila kutoa sauti. Akasema imebaki sehemu ndogo ya mwisho, ataileta wiki ijayo.

Siku mbili baadaye Mutiso, fundi wa kompyuta wa mlango wa pili, alipita kunisalimu. Akaniuliza kama nimezima kile kitu kipya kilichokuja na apdeti.

"Kitu gani?"

"Inapiga picha skrini yako kila sekunde chache, Mama Lynn. Inaweka. Ukitaka kujua ulifanya nini wiki iliyopita, unarudisha nyuma tu kama video."

Nikamwambia aache utani. Akabonyeza hapa na pale, nikaona kwa macho yangu: Jumanne, saa tano asubuhi, barua ya mzee, jina la Sharon juu. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilihisi kama nimemfumania mtu ananichungulia bafuni. Mimi niliyejizuia hata kusikia, kumbe nimekaa miezi na mbea mezani.

"Toa," nikamwambia Mutiso. "Toa mfumo wote. Weka hiyo Linux yako unayoisifu kila siku."

"Sawa, lakini ngoja Jumamosi. Tukague faili zako kwanza, polepole."

"Leo."

Hasira zangu zinajulikana. Mume wangu husema nikikasirika hata sufuria zinajificha. Nikang'oa waya wa intaneti ili mashine isipeleke neno lingine kokote. Nikachomeka flash, nikaanza kunakili. Ikaniambia kuna faili hazipatikani kwa sasa, je, nijaribu tena au niruke? Nikabonyeza ruka. Ikauliza tena, nikaruka tena. Sikuwa na subira ya kuulizwa maswali na mashine ambayo haikuniuliza ilipopaswa kuuliza. Kisha nikachukua simu, nikafunga akaunti yangu kwa kampuni yenye ule mfumo, nikikubali kila onyo lililotokea bila kulisoma.

"Una uhakika kila kitu kiko kwa flash?" Mutiso akauliza.

"Kiko."

Nilikuwa nimeziona folda. Folda ya mzee ilikuwepo, na jina lake limeandikwa vizuri. Sikuifungua.

Kufikia jioni mashine ilikuwa kama mpya. Na kusema haki, mfumo ule ni mzuri. Unawaka haraka, haujipendekezi, hauniletei habari ambazo sikuuliza. Nilijigamba mtaa mzima wiki nzima, na mpaka leo sijarudi kwa ule wa zamani. Kuchukia sikukosea. Nilikosea kufanya haraka.

Jumanne iliyofuata mzee hakuja, wala ile ya baada yake. Nikasikia amezidiwa, hata kwenda chooni na kurudi anapotea njia. Nilisikitika, lakini nikajiambia barua yake iko salama. Miezi miwili na nusu ikapita.

Ndipo Sharon akaingia dukani. Nilimtambua kwa ile shingo ya babake.

"Shikamoo, Auntie. Bibi ya Hillary aliniambia baba alikuwa akija hapa kuniandikia barua. Nimemleta kliniki leo. Hanijui." Akaonyesha nje. Mzee alikuwa ameketi kwenye benchi, mikono magotini, akitazama barabara.

Nikamwambia amefika kuliko na barua yake. Nikaweka karatasi kwenye printa kabla hata ya kufungua folda. Nikafungua. Haikuwa na kitu.

Mutiso alikuja mbio, lakini hakuhitaji hata dakika tano. "Diski yako ilikuwa imejaa," akasema. "Mfumo ulikuwa ukihamisha faili zako mtandaoni kila ukizifunga, hapa yanabaki majina tu. Ukiwa umetoa waya, hazingeweza kushuka. Ndiyo maana ilikuwa inakuuliza."

"Na huko mtandaoni?"

"Ukifunga akaunti wanangoja siku sitini. Zimepita."

"Na zile picha?"

Akainamisha kichwa. "Tulizifuta, Mama Lynn. Si ndizo ulizotaka zitoke?"

Yule mbea niliyemfukuza alikuwa na barua nzima, tangu mwanzo mpaka pale mzee alipofikia. Nilikaa nikiitazama ile folda, na nilijuta kuliko nilivyowahi kujuta maishani.

Sharon alikuwa amesikia yote. "Lakini ni wewe ulichapa," akasema. "Auntie, niambie tu alisema nini. Hata kwa ufupi."

Nikafumba macho, nikatafuta. Nilipata sauti ya mzee, nikapata jina la Sharon, nikapata neno msamaha, kwa sababu vidole vilikuwa vimelirudia sana. Zaidi ya hapo sikupata kitu. Jumanne saba zilikuwa zimepita kwangu kama maji kwenye bomba.

"Neno msamaha lilikuwepo," nikasema. "Mara nyingi."

Akashika ukingo wa meza. "Alikuwa anauomba, ama alikuwa ananipa?"

Ningeweza kusema aliuomba. Nani angenipinga? Neno moja, na yule mama angerudi Taveta akiwa mwepesi. Mdomo nilikuwa nimeshaufungua. Lakini nilikuwa nimeshaamua mara ya kwanza juu ya maneno ya mzee bila mwenyewe kuwepo, na matokeo yake yalikuwa pale mbele yetu.

"Haki ya Mungu, Sharon, sijui."

Hakunitukana. Heri angenitukana. Alisema asante, akachukua mkoba wake, akatoka nje, akaketi kwenye benchi kando ya babake. Mzee akajisogeza kumpa nafasi, kwa heshima ile tunayompa mgeni.

"Karibu, mama," akamwambia. "Na wewe kuna mtu unamngoja?"