Duara Lililoitwa Ungo

Utani wa mdomoni hupita na upepo. Wa ukutani hukungoja. Odeta alirudi likizo kutoka Butimba anakosomea ualimu, na kichwani ana picha ya Wazungu wa kale: mtu ndani ya duara, mikono minne, miguu minne, eti ndivyo mwili uliokamilika unavyopimwa. Akaona aitanie. Kwenye ukuta wa kibanda cha mama yake, Modesta, alipouzia mapanki, yale mabaki ya sangara yatokayo viwandani, akamchora ndani ya duara Bibi Kashindye, jirani aliyewakaangia. Kanga kiunoni, mkono huu mwiko, ule karai, wa tatu panki, wa nne umeshika nyonga. Bibi alisimama mwenyewe achorwe, akacheka hadi macho yake yaliyoiva kwa moshi yakatoka machozi.

"Mjukuu wangu, tumbo umelipunja."

Kisha mtoto wa Chenge, jirani yao mwingine, akafa kwa homa.

Watu wakawa wanasimama ukutani bila kununua. Modesta akasikia minong'ono: lile si duara, ni ungo. Macho mekundu, kifua wazi, juu ya ungo. Unataka uambiwe nini tena? Alipochukua panga akwangue ukuta, Ngosha, mkubwa wa sungusungu, walinzi wa kijiji, alikwishafika na wenzake.

Odeta akajitokeza. Mama akamkonyeza anyamaze, wapi! Akaeleza vipimo, akaeleza kwamba mikono ni miwili tu, ila imechorwa ikiruka.

"Ikiruka," Ngosha akasema taratibu. "Binti, ulibuni au ulimwona?"

"Nilimwona, baba. Alisimama mbele yangu."

Hawakuuliza zaidi. Wakaenda kuchukua marungu.

Modesta akakatiza uchochoro wa nyuma. Akamkuta bibi anageuza mapanki, hata shikamoo hakumpa, akamvuta mkono mpaka barabarani. Kashindye akawa anauliza ni nani amefiwa. Lori la pamba likasimama, Modesta akamsukuma juu, akamwomba dereva asimshushe kabla ya Misungwi.

Aliporudi, kwa bibi kulikuwa kunawaka moto. Kibandani watu walimzunguka Odeta, naye analia, anaapa kwamba amesema kweli tupu. Hakuna aliyembishia. Mwanamke mmoja tu akauliza, kwa sauti ya chini:

"Mchawi akiwa kwenye ungo haonwi na mtu hivi hivi. Wewe ulimwonaje, kama hamkuwa pamoja?"

Modesta akapenya katikati yao, akamshika mwanawe mkono, kama alivyomshika bibi.