Kisima Kilichomfuata Mama Donatus

Mwaka wa operesheni ya vijiji, lori la serikali la kuhamisha watu lilimkuta Mama Donatus akipepeta mtama. Waliokuja nalo walimruhusu amalize ungo aliokuwa nao mkononi. Kisha wakampakia yeye, mkwewe Salvina, kuku na jembe, nyumba wakaitia moto isije ikamvuta kurudi. Wakawashusha upande wa Kishapu, penye ardhi kavu kama ukoko na vigingi vilivyopigwa mstari mmoja. Hapo, wakamwambia, ndipo maendeleo yatakapomkuta.

"Na maji?" aliuliza.

"Yamo kwenye mpango, mayu," dereva akamjibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

Maji yalikuja kweli, ila si kwa mpango. Kisima chake cha kule alikotoka, kile alichochimba marehemu mumewe Thobias, kilimfuata. Kilifika asubuhi akiwa anachochea moto, kimekuja na mawe yake ya ukingoni na vyura wake, nyuma kimeacha mchirizi wa tope. Kilikuwa kimechelewa kwa sababu kilizunguka mashamba ya pamba ya watu, kisiyaharibu. Kikajilaza nyuma ya kibanda.

"Mwangaluka," Mama Donatus akakiamkia, kama alivyokiamkia kila asubuhi tangu aolewe, akateremsha ndoo.

Majirani wakaja kuteka. Hakuna aliyeshangaa, walisononeka tu kwamba visima vyao havikuwa na moyo huo. Mzee Maige alisema cha kwake anakijua, kivivu tangu zamani, hata masika kilikuwa hakijai mpaka kibembelezwe.

Kisha akaja Bwana Maendeleo, kijana wa viatu vinavyong'aa. Akamwamkia Mama Donatus shikamoo kwa adabu zote, akapima kisima kwa futi kamba, akatangaza kwamba kijiji kimefikia lengo la maji. Alipoambiwa kisima kimekuja chenyewe, alisema hilo halina mahali pa kuandikwa.

Mgeni rasmi akatoka mkoani, akakata utepe. Alisema pamba inaleta fedha za kigeni, mkoa unakua, na mkoa ukikua kila mtu amekua. Watu wakapiga makofi kwa kuwa walishapangwa kupiga. Baada ya hapo ikaletwa pampu, bomba likavutwa mpaka kiwanda cha kuchambua pamba, likapitiliza mpaka nyumba za wakubwa wa kiwanda, ambako maua yalimwagiliwa mchana jua likiwaka. Kisima kikamiminiwa zege pande zote, kikazungushiwa seng'enge. Kijiji kikapewa koki moja. Ikakohoa tope, ikanyamaza. Mtama wa Mama Donatus ukafia kwenye urefu wa kidole, na Salvina, aliyekuwa amejifungua, akawa anamfuta mtoto kwa kitambaa chenye unyevu.

Mama Donatus akaenda ofisini. Bwana Maendeleo akasimama, akatoa shikamoo yake.

"Marahaba. Nimefuata kisima changu."

"Kile si chako tena, mama. Ni cha mkoa."

"Huo mkoa ulikuwa wapi Thobias akichimba?"

Bwana Maendeleo akasema huo ni ubinafsi, na taifa halijengwi hivyo.

"Mjukuu wangu anafutwa kama meza," alisema Mama Donatus. "Maua ya meneja yanaoga."

Akaambiwa avute subira, awamu ya pili iko njiani.

Akatoka, akaenda mpaka kwenye seng'enge, akapenyeza mkono. "Twende," akakiambia kisima, kwa sauti ya kumwita mtoto aliyelala.

Kisima kikainuka. Kilifika usawa wa goti, maji yakimwagika, kisha bomba likakivuta shingo na zege likakishika kiuno, kikaanguka chini. Mama Donatus akakingia yale yaliyomwagika kwenye upande wa kanga, akaenda kuyakamulia kwenye sufuria.

Ikawa hivyo kila asubuhi aliposimama pale. Watu walizoea. Ardhi ikitikisika, walishika vyungu visianguke, wakaendelea na shughuli zao. Ofisini waliona zege linaingia nyufa, wakaagiza saruji zaidi. Ilitolewa kwenye fungu la zahanati. Zahanati ikabaki msingi, mbuzi wakilala humo, na redio ikasema mkoa umekua tena.