Matembezi Namba Mbili, Mlima Rwamisha

Wewe karatasi ile umeiona, ukapita. Tangu kiangazi kianze imebandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya shirika la wakimbizi hapa Ngara, pale penye bomba unapochota maji. Imepigwa kwa mashine: MATEMBEZI YA SIKU MOJA, na chini yake milima mitatu. Umeisoma, usiseme hukuisoma. Ukasema, "Mambo ya wageni hayo," ukajitwisha ndoo ukaenda zako. Basi leo simama kidogo uambiwe mlima wa pili una nini.

Milima hiyo aliichagua Desderius wa Bugarama, mtoto wa Bartholomayo mrina asali. Desderius huyo, kuanzia mpaka wa Burundi hadi Ntobeye, hakuna kichaka ambacho hajakitundikia mzinga. Ndiyo maana Bwana Laurian, karani mkuu wa ofisi ile, alimwita.

"Desderius, wakubwa wanakuja kutoka makao makuu. Jumapili wanataka kutembea. Nitafutie milima mitatu mizuri. Upepo, majani mabichi, na mahali pa kulia chakula."

"Milima ya huku yote mizuri, bwana."

"Hebu acha. Nataka mlima ambao mtu akisimama juu haioni kambi. Wamechoka kuangalia maturubai, watu wa Mungu. Wanataka kupumzisha macho."

Kupumzisha macho! Desderius akakubali, maana alikuwa anahitaji kazi, na pia kwa sababu kichwani mwake lilikuwa limeshaingia wazo.

Alizunguka siku nne. Mlima mmoja ulikuwa umebaki visiki vitupu, kuni zote zimekwenda. Mwingine ukifika juu unaona moshi wa kambi umelala bondeni kama blanketi. Lakini alizunguka kwa ajili ya kujaza orodha tu. Mlima aliokuwa akiutaka alikuwa nao tangu siku ya kwanza: Rwamisha.

Novemba ya mwaka tisini na tatu, watu walipokuwa wakivuka kutoka Burundi usiku na mchana, Desderius alipanda Rwamisha kukagua mizinga yake, akamkuta juu kule mwanamke amekaa peke yake. Mgongoni alikuwa na mtoto wa miaka mitatu aliyekufa tangu asubuhi, na hakutaka kuifungua nguo aliyombebea. Mwanamke huyo ni Niragira. Mtoto alikuwa Iradukunda. Desderius alikaa naye mpaka jua likapinduka, ndipo akakubali. Kaburi lilichimbwa kwa panga na mikono, likawekewa mawe juu, na Desderius akachuma majani akayaweka, kama wanavyofanya watu wa huku kwa mtu aliyefia njiani. Kila apitaye huchuma ukoka kidogo akaongeza. Wachunga ng'ombe waliweka, akina mama wa kwenda sokoni waliweka. Kwa karibu miaka mitatu rundo lile halikukosa jani bichi. Hakuna aliyeandika kibao, na hakuna aliyekihitaji.

Niragira akapelekwa kambini. Na kambini, unajua mwenyewe, mkimbizi haruhusiwi kwenda zaidi ya kilomita nne. Rwamisha iko kilomita tisa. Alivyolelewa yeye, mama hamalizi msiba mpaka arudi kaburini, alitaje jina la mtoto kwa sauti na kumuaga. Mara tatu aliomba kibali. Mara tatu Laurian alimrudishia karatasi yake. "Kaburi si dharura," alimwambia.

Sasa umeelewa wazo la Desderius. Wageni watapanda, chakula kitabebwa, na wabebaji huandikiwa kibali. Akaandika kwenye ripoti yake: "Rwamisha. Upepo mzuri. Kambi haionekani. Juu pana rundo la mawe, hapo panafaa kupumzika." Neno kaburi hakuliandika. Aliogopa kwamba akiliandika, Laurian ataukataa mlima. Akajiona mjanja. Kisha akapeleka majina ya wabebaji wawili, lake na la Niragira, na Laurian akasaini bila hata kuinua macho. Kalamu iliyokwama miaka mitatu kwa ajili ya mtoto iliteleza dakika moja kwa ajili ya soda.

Jumapili Niragira alikuja amevaa kitenge kilichofuliwa, kreti la soda kichwani. Kwenye kizuizi cha kambi Anatory, mgambo, akaisoma karatasi akacheka.

"Leo umekuwa mtalii, mama?"

"Nimekuwa punda, mwanangu. Punda hana kilomita."

Wageni walitangulia na fimbo zao, wakisimama kila kona kusifu. Mmoja wao aliuliza jina la kila kilima akaliandika kwenye daftari. Jina la mwanamke aliyembebea soda hakuliuliza.

Karibu na kilele Desderius alinusa moshi, akaongeza mwendo.

Laurian alikuwa amemtuma mpishi na vibarua tangu Jumamosi kuandaa mahali. Watu hao ni wa kuja, hawajui desturi za huku. Majani yote yalikuwa yamefagiliwa na kuchomwa. Mawe yalikuwa yamepangwa duara, viti vya wageni. Na matatu makubwa yalikuwa yamegeuzwa mafiga, sufuria ya nyama inatokota juu yake.

"Umechagua vizuri, Desderius!" Laurian akaita. "Mpaka mawe ya jiko tumeyakuta tayari!"

Niragira alitua kreti taratibu. Alimgeukia Desderius, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Uliwaambia?"

"Sikuwaambia."

"Kwa nini?"

"Wangeukataa mlima."

"Kwa hiyo ukawapa mawe yake."

Desderius akautua mzigo wake.

Niragira akakunja ncha ya kitenge, akaishika sufuria, akaitua chini, mchuzi ukamwagika. Kisha akalishika figa la kwanza, la moto vilevile, akalibeba mpaka pale alipopajua yeye.

"Wewe mama, una wazimu?" Laurian alikuja mbio. "Wageni wanaona!"

"Waone. Si wamekuja kuangalia?"

"Desderius, mshike mtu wako!"

Desderius akainama, akashika figa la pili. Ngozi ya viganja ilimwungua na hakuliachia. "Ni kaburi, bwana. La mtoto wake. Nililichimba mimi."

"Si ungesema!" Laurian akafoka.

Mwaka mzima Laurian hakuwahi kusema neno la haki isipokuwa hilo, na hilo ndilo lililomchoma Desderius kuliko jiwe.

Wageni wakauliza kuna nini. Laurian akawajibu kwa lugha yao, akitabasamu, na mpishi akamnong'oneza Desderius alichosema: kwamba wabebaji wanagombea nyama. Wageni wakacheka kidogo, kwa adabu. Desderius hakuwa na lugha ya kuwarekebisha. Akaenda akasimama mbele ya yule mwenye daftari, mikono imevimba, akalionyesha jiwe alilokalia. Akasimama hivyo hivyo mpaka yule mtu akainuka, sura imembadilika.

Mawe yalirudi. Majani Niragira alichuma mwenyewe, ng'ambo ya pale palipoungua. Lakini jina hakulitaja.

"Litaje, dada," Desderius alimwomba. "Kibali kinatutaka tuteremke saa kumi."

"Silitaji mbele ya watu wanaotafuna."

Saa kumi wakateremka. Msiba haukuisha.

Jumatatu Desderius akafukuzwa kazi. Akaomba kibali cha Niragira upya, kwa jina la mama aliyefiwa safari hii, na akaambiwa alete sahihi za wenyeji kumi wa kumdhamini mkimbizi huyo. Akaanza kupiga hodi. "Nitafikiri." "Mume wangu hayupo." "Sitaki maneno na ofisi." Hao ni watu ambao mama zao mwaka sabini na mbili waliwapikia ndizi wakimbizi waliolala sebuleni kwao, na hakuna aliyedai kibali. Tumekuwaje?

Amepata sahihi saba. Zimebaki tatu. Karatasi ya matembezi iko ukutani bado, na Jumapili hii Namba Mbili inapandwa tena. Laurian amekwisha kununua nyama.

Desderius yuko hapo chini ya tangazo, hatua tano kutoka bombani, viganja vimefungwa kitambaa, kalamu anaishika kwa vidole viwili. Umempita asubuhi. Umempita na jana. Kibali hakikuhusu wewe, kilomita nne hazikuhusu, miguu yako iko huru kupanda mlima wowote utakao. Ofisi inafungwa saa tisa na nusu.

Tua ndoo. Chukua kalamu. Andika jina lako sasa hivi, waite na wawili walio nyuma yako bombani waandike, kisha ingia na karatasi hiyo ya sahihi mpaka kwenye meza ya Laurian, na usitoke mpaka amesaini.