Mashini ya Kuita Mitumbwi

Agent Bertin wa serikali alipanda mulima yetu ya Baraka na polisi moja, jasho inamutoka sawa mutu mwenye kubeba mufuko ya simenti. Akasimama mbele ya mashini yangu.

"Ni nini hii inalia tii-tii?"

"Radio, chef. Nilijenga mi mwenyewe. Batri ya pikipiki, plaque ya kukamata jua, na ule muti wa eucalyptus unabeba waya."

"Inasema nini?"

"Inasema Baraka, Baraka, kwa alama za morse. Jana ilisema Bertin anakoroma, lakini hakuna mwenye alinijibu."

Polisi akacheka, akajifanya anakohoa.

"Zima! Banasema unatuma habari kwa batu ba pori, bale benye bunduki."

"Habari gani? Kwamba Baraka iko hapa? Basi bajue."

Nikaangalia ziwa. Mvua ilikuwa imelifunga, rasi ya Ubwari haionekani. Dada yangu mukubwa, yaya Clarisse, alikuwa mule ndani, ndani ya mutumbwi ya soko, na mutoto wake mugongoni. Benye kuendesha banabeba karadio kadogo. Banakazungusha polepole, pale tii-tii inakufa, ncha ya radio inaonyesha Baraka. Mwanzo balikuwa banafuata pale inalia sana, bakaenda kugonga mawe, bakarudi kunitukana mupaka na mama yangu.

"Chef, leo sizimi. Mutumbwi ikifika, unipeleke fasi unataka, hata gerezani. Hata diplome sina ya kupoteza."

"Utaona!" Akashika waya, akatoa kisu.

Mama Godelieve, muuza samaki, alikuwa amefika nyuma yake na bamama benzake. Balimuona polisi anapanda, bakafuata.

"Kata, baba," akasema. "Lakini ukikata, hauteremuke. Utabakia hapa na sisi, tunaangalia maji pamoja. Bwana yangu iko mule."

"Mama, mi niko kwa kazi."

"Na sisi tuko kwa kazi. Kata."

Bertin akaangalia maji. Akaangalia bamama. Polisi akaangalia viatu vyake. Kisu ikabakia juu ya waya, haikati, haitoki.

Tii-tii. Tii-tii.

Kisha mutumbwi ikatoka ndani ya mvua, pua yake inaelekea kwetu sawasawa. Bamama bakapiga vigelegele. Nikaona kitenge ya yaya, nikaanza kupumua tena.

"Haya, imefika," Bertin akasema. "Sasa zima."

"Iko ingine nyuma yake, chef."

"Na nyuma ya ile?"

"Iko ingine. Kaa. Jiwe ile ya kukalia haina mwenyewe."