Bastola ya Marehemu Blagota

Blagota alikufa Jumatatu, akazikwa Jumatano, na Jumamosi akaenda sokoni Kolašin na binti yake kununua bastola. Njiani watu walimwamkia kama siku zote. Mke wa msaga unga alimpa pole kwa kufa, naye akashukuru, akauliza unga siku hizi bei gani.

Kitambaa kilikuwa bado kimemfunga taya, na mabegani alikuwa na udongo. Stana, bintiye, alimpangusa kila walipopumzika. Alikuwa mkubwa wa mabinti wanne. Jina lake ndilo wanalopewa kwetu mabinti wa watu wanaomwomba Mungu asiwaletee binti mwingine. Mungu alileta watatu zaidi.

Shida ilikuwa konde. Sheria ilitaka kila nyumba iwe na mwanamume mwenye bastola inayolia, na aioneshe mbele ya kapteni Jumapili ya ukaguzi, baada ya ibada. Nyumba isiyo na mtu kama huyo, konde lake linakwenda kwa ndugu wa kiume wa karibu. Ndugu huyo alikuwa Radosav, binamu wa Blagota. Ni yeye aliyewashauri matangani waiuze bastola ya marehemu, ili wageni wale kondoo wa heshima. Akala kuliko wote, kisha akatoka kulipima konde kwa hatua huku akijichokonoa meno. Ukaguzi ulikuwa kesho yake ya siku hiyo ya soko.

Muuza silaha, Filip wa Kotor, alikuwa ametandika blanketi lake kando ya wauza kabichi. Juu yake zilibaki bastola mbili, zote za mtutu mrefu na silinda ya risasi tano, nzito kama zipendwavyo kwetu. Moja ilipakwa dhahabu na mpini wake ulikuwa wa mfupa mweupe. Ya pili rangi yake ya buluu ilikuwa imefifia, na mpini wa mti ulikuwa na ufa.

“Karibu Mzee Blagota, Mungu akurehemu!” alisema Filip. “Hii ya dhahabu ni ya Vienna kabisa. Perper arobaini. Hii nyingine thelathini na tano, kwa sababu ni wewe.”

Blagota aliitazama ya dhahabu, macho yakamng'aa. Hata alipokuwa hai alikuwa mtu wa kununua ng'ombe kwa uzuri wa pembe.

Stana akachuchumaa, akaichukua ile ya dhahabu, akavuta nyundo, akaitikisa silinda. Ilicheza kama jino bovu. Akaelekeza mtutu juani, akachungulia. Akapitisha ukucha kwenye dhahabu, akasikia vishimo vya kutu chini yake. Vichwa vya skrubu vilikuwa vimetafunwa na bisibisi za watu wengi.

“Hii haijawahi kuiona Vienna,” alisema. “Ni ya kuiga. Imeliwa na kutu, wakaipaka dhahabu juu.”

Muuza kabichi aliangusha kabichi. Mzee mmoja akajiwekea ishara ya msalaba.

“Mzee Blagota,” Filip alisema kwa upole, “huyu msichana ni mgonjwa?”

“Mzima,” alisema Blagota.

“Basi kwa nini anataja silaha?”

Filip hakumtazama Stana tena. Bei alizungumza na marehemu, kama adabu inavyotaka. Na marehemu alishaanza kuiitikia ile ya dhahabu kwa kichwa.

“Baba!” Stana alimwita pembeni. “Nani aliisafisha ile yako miaka yote? Wewe uliivaa tu! Hii kesho haitalia, na sisi wanne na mama tutalala kwa Radosav, tumkamulie ng'ombe zetu wenyewe. Hayo ndiyo unayoyataka?”

Blagota alirudi, akainama, akajaribu kuishika ile ya dhahabu. Vidole vyake vilipita ndani ya mpini wa mfupa bila kuugusa. Akajaribu tena. Akauficha mkono mgongoni, aibu imemjaa.

“Mwanangu,” akasema, “mkono wangu haushiki kitu tena. Wako unashika. Wewe sema, mimi nitarudia.”

Stana aliichukua ile ya buluu. Nyundo ilivutika kwa mlio safi, silinda ikakaa mahali pake ikatulia. Ndani ya mtutu mistari ya kuongozea risasi ilikuwa bado mikali. Ufa wa mpini ungefungwa kwa waya.

“Kumi na nane,” alinong'ona.

“Kumi na nane,” alisema Blagota.

“Unaniua, mzee!”

“Kufa si kubaya hivyo,” alisema Blagota. Hili alilisema mwenyewe.

“Thelathini,” alisema Filip.

“Mwambie rangi imekwenda, mpini una ufa, na leo hana mteja mwingine wa hii. Lakini mashine ni nzima, hatumwibii. Ishirini na nne, ndiyo haki yake,” Stana alinong'ona.

Blagota alirudia yote, neno kwa neno, mpaka lile la kutomwibia. Filip alimsifu kwa kuelewa silaha, wakamalizana.

Hawajaondoka, Radosav akafika akihema, naye akitafuta bastola ya kutambia kwenye ukaguzi. Aliposikia wameiacha ya dhahabu akacheka kwa sauti. “Maskini Blagota, umekufa na akili zako zote!” Akalipa arobaini bila kushusha hata senti, akaichomeka kiunoni ili soko zima liione.

Jumapili wanaume walijipanga mbele ya kanisa. Kapteni Mijat akapita akiwasikiliza mmoja mmoja. Radosav aliinua dhahabu yake, jua likaipiga, watu wakasema loo! Akafyatua. Tak. Akafyatua tena. Silinda ikaning'inia upande, skrubu ikadondoka miguuni pa kapteni.

“Nzuri,” alisema kapteni. “Mpe mkeo atundike ukutani.”

Watu walicheka mpaka padri akatoka kuangalia.

“Nyumba ya Blagota?”

“Nipo,” alisema Blagota.

“Nani atafyatua?”

“Mkono wangu wa kulia,” alisema, akamwonesha Stana.

Kapteni alifikiri. Mkono wa mwenye nyumba ni mwenye nyumba. Hilo halikukataliwa popote. Stana akainua bastola yake ya waya na ufa, akazipiga risasi zote tano mfululizo, na kunguru wote wa bonde wakaruka. Wadogo zake walipiga kelele nyuma ya ukuta. Mama yake alilia waziwazi. Hata maadui wa nyumba ile walirusha kofia juu. Stana alisimama katikati ya moshi akicheka, kwa furaha asiyowahi kuijua.

“Nyumba hii ina mwanamume,” kapteni alitangaza, akanyoosha mkono kumpongeza Blagota. Ukapita hewani. Akaurudisha mfukoni, akaenda nyumba inayofuata.

Mambo hayo ni ya zamani. Konde bado ni lao, na Stana sasa ana mvi. Kila mwezi wa kumi Blagota anaamka na kuteremka kwenye ukaguzi. Amechoka, anasema, wenzake wa makaburini wanalala, yeye kila mwaka anaitwa. Alishauliza kama Stana hawezi kuhesabiwa mwenyewe. Kapteni wa sasa alisikitika kweli, akasema mwanamke hashiki konde.

Basi Stana humpangusa udongo mabegani, humkaza kitambaa cha taya, kisha hujaza risasi tano.