Lenzi ya Katikati

Hivi, wewe umeshawahi kungoja kitu ambacho hata wenye kiwanda hawajaamua kama watakitengeneza? Verediana alingoja chake miaka mitatu na miezi miwili, amekaa juu ya kreti la soda mbele ya duka la kuchajia simu, karibu na stendi ya Kasulu, kamera mapajani, kitenge juu ya kamera kwa sababu ya lile vumbi jekundu.

Kitu chenyewe kilikuwa lenzi. Kamera yake ilikuwa ya hizi za kisasa zisizo na kioo ndani, vijana wanaziita mirolesi, na aliinunua ikiwa imeshatumika. Kampuni iliyoitengeneza ilikuwa na lenzi mbili za hamsini, yaani zile zinazomwona mtu kama jicho linavyomwona, bila kumvuta wala kumsukuma. Moja ilikuwa ya plastiki, ya bei ya chini, na ikilenga inalia kama mashine ya kusaga iliyopewa mahindi mabichi. Nyingine ilikuwa nzito kama jiwe, na kwa bei yake ungenunua bajaji ukabaki na ya mafuta. Ya katikati haikuwepo. Ile ya tundu pana, moja nukta nne, inayokunywa mwanga mwingi, na ambayo mpiga picha za harusi za Makere na ubatizo wa Kasulu anaweza kuipata kwa kuuza kitu kimoja ndani ya nyumba, sio nyumba yote. Kwenye simu, watu wa nchi za mbali waliandika kwamba itatoka mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu ukapita, wakaandika wa tisa. Verediana alisoma yote, neno kwa neno, simu ikimtafsiria.

Aliihitaji kweli. Padri alikataza mwanga wa kamera kanisani, akasema misa sio radi. Kumbini umeme ulikatika keki ikiwa inaletwa, na ile lenzi iliyokuja na kamera, ikishafika saa kumi na mbili jioni, ilikuwa haioni, kama kuku. Hiyo ndiyo sababu aliyowaambia watu.

Sababu nyingine ilikuwa Longinus.

Longinus alikuwa na studio yenye pazia la bluu na ua la plastiki, na Verediana alimfanyia kazi hapo miaka mitano. Mwezi wa sita mmoja alikwenda kwao Kitahana, upande wa Kibondo, na kamera ya studio begani, akampiga picha mama yake, Recho Ndihokubwayo, akipepeta maharage uani. Mama alikuwa anacheka. Kuku alikuwa ameingia kwenye ungo akiwa na vifaranga wake wote, kama mtu aliyealikwa. Mwezi wa tisa mama akafa kwa presha. Mwezi wa kumi na mbili akarudi Kasulu akiwa kalenda. Kampuni moja ya mbegu ilikuwa imeinunua ile picha kwa Longinus. Chini ya miguu ya mama iliandikwa MKULIMA WA KIGOMA, na pembeni, kwa herufi ndogo za dhahabu: Picha na Longinus.

Verediana aliiweka kalenda mezani kwa Longinus.

"Kamera ya nani?" Longinus aliuliza.

"Yako, bosi."

"Na memori kadi?"

"Yako."

"Haya. Sasa unanuna nini? Si unaona mama alivyopendeza?"

Kasulu nzima ilimtundika mama. Kwa kinyozi alirukiwa na povu, kwa muuza nyama akatuliwa na nzi, kwenye ofisi moja karani alimtoboa shavu kwa pini ili aning'inize risiti. Picha yenyewe ilibaki ndani ya kompyuta ya Longinus, nayo ilikuwa na neno la siri. Kwa hiyo walipojengea kaburi, fundi akataka picha ya kubandika, wakaikata kalenda. Mkasi wa fundi ulikuwa butu. Mpaka leo, pale Kitahana, chini ya kidevu cha Recho pana Jumatatu na Jumanne.

Verediana aliacha kazi siku hiyohiyo ya kujengea. Hakumtukana Longinus, wala hakwenda kwa mganga, ingawa mashangazi walimwambia yuko mmoja mzuri kule Nyabibuye. Alitaka kumfanyia kwa mkono wake mwenyewe, na kazi ya mkono wake ilikuwa picha. Akangoja.

Lenzi ilipotoka kiwandani, habari aliletewa na Cadet, Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu anayeuza simu na vifaa vyake, mtu wa tai kila siku hata kwenye tope.

"Dada Vere, ile objektifu ulikuwa unatafuta, iko huku," alisema kwenye simu. "Ndugu yangu mudogo alinitumia toka Ulaya. Ni ya katikati kabisa, bei ya katikati, uzito ya katikati. Hata mimi mwenyewe najisikia wa katikati nikiishika."

"Usimpe mtu."

"Nimupe nani, dada? Huku watu banatafuta kuni."

Verediana aliuza cherehani, akaifuata. Ilikuwa nyeusi, nene kama kikombe cha uji, na ukiitazama kwa mbele unajiona mdogo, kichwa chini.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa bibi harusi wa Makere. Verediana alifungua lile tundu mpaka mwisho, akalenga kope. Kope zikaja moja moja, ungeweza kuzihesabu, na nyuma yake kila kitu kikalainika kama uji wa ulezi. Nyuma palikuwa na mbuzi, tangi la maji, na Mama Leonidasi, mpishi wa harusi, ameshika mwiko.

Kesho yake vyote vitatu vilikuwa bado vimefifia, sio pichani tu, hata kwa macho ya watu. Mbuzi alikuwa wingu la kahawia lenye sauti. Kwenye tangi watu walipapasa kwanza ndipo waone bomba. Mwenye mbuzi alimpeleka mnadani hivyohivyo, wanunuzi wakamshika mgongo na mapaja wakasema amenona, wakaondoka naye. Mama Leonidasi alikuja mwenyewe kwa Verediana, akasimama mlangoni. Kanga yake ilionekana ni ya njano. Maandishi yake hayakusomeka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Naambiwa umenififisha."

"Nimekufifisha, mama. Pole."

"Inatoka?"

"Nikikupiga ukiwa mbele, nikakulenga wewe, nadhani inatoka."

Mama Leonidasi alifikiri. "Basi ngoja kwanza. Jumamosi nina harusi mbili, na jana nimekula mapaja manne ya kuku mbele ya kamati nzima, hakuna aliyesema kitu. Halafu mwanangu, miaka ishirini na mbili napika hapa mjini, wananiita 'we wa sufuria'. Nilikuwa naonekana lini?"

Akaenda zake.

Usiku huo Verediana alilala vizuri, mara ya kwanza tangu msiba. Sasa alijua lenzi inafanya nini.

Harusi aliyoitaka ilikuja mwezi wa nane. Longinus alikuwa mgeni wa heshima, amekaa meza ya mbele, suti ya kijivu, chupa ya soda mbele yake. Verediana alipiga magoti kama anayewapiga maharusi. Akalenga kizibo cha ile chupa. Kilikuwa na meno ishirini na moja, na kila jino lilikuja safi. Longinus alikuwa hatua moja nyuma ya kizibo. Verediana akapiga. Masikio yakayeyuka. Akapiga tena, zikaenda nyusi. Alipiga picha arobaini za kizibo, polepole, na ilipofika saa ya keki pua ya Longinus ilikuwa imeingia mashavuni, na suti yake haikujulikana inapoishia na pazia linapoanzia.

"Sasa namkaribisha Mzee Longinus atoe nasaha," mshereheshaji alisema, akikodoa macho. "Kama yupo."

"Nipo."

"Yupo. Makofi kwake."

Verediana alirudi nyumbani, akakaa kungoja Longinus aumie.

Wiki ya kwanza alisikia kwamba simu ya Longinus imekataa kumtambua sura. Alifurahi, akala wali. Wiki ya pili alisikia kwamba mke wake anamjua kwa kikohozi. Wiki ya tatu alikutana na huyo mke sokoni.

"Mzee anaendeleaje?"

"Weee, acha tu! Mikunjo yote imeisha. Ukimwona utasema ana thelathini. Jana wameniuliza kama nimeolewa upya."

Na kweli. Wateja waliokuwa wanafika studio kumgombeza walishindwa kujua kama ndiye au siye, wakaona aibu kumfokea mtu wasiye na hakika naye, wakaondoka. Trafiki walimsimamisha, wakamtazama, wakamtazama tena, wakamwachia. Mwezi wa kumi wapiga picha wa wilaya walikaa kuchagua mwenyekiti. Kila mgombea alikuwa na baya lake usoni, watu wakilikumbuka wakimwona. Longinus hakuwa na pa kulibebea. Alipita kwa kura nyingi.

Verediana akawa hali chakula. Akaona amekosea mahali pa kulenga. Sura haikuwa kitu, kilichomtafuna ni zile herufi za dhahabu. Akaanza kuzunguka na lenzi. Kwa kinyozi aliishika ile kalenda ya zamani, ambayo hakuna aliyeitoa ukutani, akaigeuza kwa ubavu, kiasi kwamba uso wa mama uwe karibu, jina la Longinus liwe mbali kidogo, vidole vitatu tu, maana lenzi hii ikifunguliwa yote huona sawasawa unene wa kidole kimoja tu. Akapiga. Jina likawa vumbi la dhahabu. Kinyozi akasema poa, hata hivyo hakuwa analisoma. Akaenda kwa muuza nyama. Akaenda zahanati, na kwenye mashine tatu za kusaga. Akapanda gari la Kibondo akamaliza maduka ya pale, akafika Nyabibuye, ambako mashangazi walimwelekeza kwa mganga, naye akaipiga picha kalenda ya mganga akaondoka bila kuaguliwa.

Kila kalenda ilibidi ifutwe yenyewe. Iliyofutika huku haikuambukiza ya kule. Na mahali pengi, akishamaliza, mwenye duka alimsindikiza mlangoni akimshukuru, akimwita fundi wa Longinus.

Ilipofika Desemba alikuwa amefuta mia moja na sita. Asubuhi moja, akitoka kununua chaji ya simu, akaona lori dogo limesimama mbele ya studio, na watu wanashusha mafurushi yaliyofungwa kwa kamba. Furushi moja lilikuwa limechanika. Mama alikuwa ndani yake, anacheka, mara mia mbili. Kalenda za mwaka mpya. Kampuni ya mbegu iliipenda picha, ikairudia. Chini imeandikwa vilevile, pembeni imeandikwa vilevile, isipokuwa herufi za dhahabu safari hii zilikuwa kubwa zaidi, kwa kuwa Longinus sasa ni mwenyekiti.

Verediana akaingia. Pazia la bluu lilikuwa palepale. Mbele yake palikuwa na weusi mwembamba umeegemea kaunta.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Verediana huyo? Karibu, karibu. Na lenzi yako nimeisikia." Sauti yake ilikuwa na makali yake yote, kila neno lilisikika lilipoanzia na lilipoishia. "Kama umekuja kunirudisha, usijisumbue. Nimezoea, na mama watoto ameniambia akirudishiwa mzee yule wa zamani atarudi kwao Heru."

"Sikuja kukurudisha."

"Basi chukua kalenda. Chukua hata mbili, ni mama yako."

Akasukuma mbili juu ya kaunta. Verediana hakuzigusa. Kamera ilikuwa inaning'inia shingoni mwake, kifuniko cha lenzi kimefungwa, na alikuwa ameweka mikono yake juu ya kioo cha kaunta, mmoja kando ya mwingine.

Longinus akahema. "Mwanangu, hebu niambie tumalize. Mimi sio mtu mbaya. Unataka hela? Sema. Unataka tuandike 'Picha na Verediana'? Mwaka huu zimeshachapwa, unaziona, lakini mwakani naweza kuongea nao. Umenifuta sura, umefuta jina langu mpaka Nyabibuye, na mpaka leo hujaniambia ulichokuwa unataka."

Nje, mtu aliita kwamba mafurushi bado kumi na manane. Verediana alitafuta macho ya Longinus ili amwambie akiyatazama, hayakuwepo, akaamua kutazama pale sauti ilipotoka.

"Ile siku kampuni ilipokupigia kuuliza waandike nini chini ya picha," alisema, "nilikuwa nimesimama hapo nyuma yako, nakata picha za pasipoti. Ukashika simu, ukafikiri kidogo, ukasema andikeni mkulima. Hukugeuka. Nilikuwa nimeshaacha kukata, bosi, nimeshusha mkasi, nasubiri. Nilitaka uniulize mama anaitwa nani."